Kutoka Moding hadi Malaba: Jinsi ya Kukokotoa Kasi na Velositi ya Wastani

Ukimuuliza mwanabodaboda aliyetoka Moding hadi Malaba alikuja kwa kasi gani, huenda akajibu bila kusita: "Sitini." Hiyo ndiyo namba aliyoiona kwenye mita ya pikipiki mahali fulani njiani, barabara ilipokuwa nyeupe. Hakuhesabu alipopunguza mwendo kwenye matuta, aliposimama kuongeza mafuta, wala alipokwama nyuma ya foleni ya malori. Abiria wake aliyekuwa akitazama saa ya simu anajua jambo jingine: safari ya kilomita 20 imechukua saa nzima.

Wote wawili wanasema kweli, ila wanazungumzia vitu viwili tofauti. Mwendeshaji anataja kasi ya wakati mmoja, ile inayoonyeshwa na mshale wa mita. Abiria anazungumzia kasi ya wastani, yaani kasi ya safari nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu hukutana na tofauti hii katika somo la Fizikia, kwenye mada ya mwendo katika mstari mnyoofu. Hesabu zake ni za kugawanya tu. Kinachowapotezea watahiniwa alama ni maneno: kasi na velositi hutumiwa mitaani kama kitu kimoja, lakini katika Fizikia kila moja lina maana yake. Makala haya yanaeleza maana hizo kwa mifano ya barabara zetu za Teso Kaskazini na mpakani. Mwishoni yanaonyesha kwa nini somo hili linamhusu pia mwenye pikipiki, dereva wa lori na mzazi anayemtuma mtoto shuleni.

Umbali na muda katika mifano ya barabarani umechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Anayetaka umbali kamili wa njia yake asome mita ya pikipiki anapoondoka, aisome tena anapofika, kisha atoe.

KASI YA WASTANI: UMBALI WOTE, MUDA WOTE

Kanuni yenyewe ni fupi:

Kasi ya wastani = umbali wote uliosafiriwa ÷ muda wote uliotumika

Neno la kushika hapa ni "wote". Umbali ni urefu wa njia yote iliyopitwa, pamoja na kona zake. Muda ni wote tangu safari ianze hadi iishe, ukiwemo ule wa kusimama.

Turudi kwa mwanabodaboda wetu. Chukulia aliondoka Moding saa moja na robo asubuhi. Alikwenda kilomita 12 kwa dakika 15. Akasimama dakika 10 kuongeza mafuta. Kilomita 8 zilizobaki zikamchukua dakika 35 kwa sababu ya malori yaliyojipanga kuelekea mpakani. Akafika Malaba saa mbili na robo.

Umbali wote: 12 + 8 = kilomita 20.
Muda wote: 15 + 10 + 35 = dakika 60, yaani saa 1.
Kasi ya wastani: 20 ÷ 1 = kilomita 20 kwa saa.

Katika sehemu ya kwanza alikuwa akienda kwa wastani wa kilomita 48 kwa saa, na huenda mshale uligusa 60 mara moja au mbili. Hata hivyo, safari yake kwa jumla ilikuwa ya kilomita 20 kwa saa. Dakika 10 za kusimama hazikuongeza umbali, lakini ziliongeza muda, na kwa hiyo zilishusha wastani.

Mwanafunzi achunge vipimo viwili. Kwanza, dakika hubadilishwa kuwa saa kwa kugawanya kwa 60. Dakika 30 ni saa 0.5, si saa 0.30. Dakika 45 ni saa 0.75. Kosa hili dogo huharibu swali lote hata kama kanuni imeandikwa sawasawa. Pili, kubadilisha kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6, kwa sababu kilomita moja ina mita 1,000 na saa moja ina sekunde 3,600. Hivyo kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde.

KOSA LA KUJUMLISHA KASI MBILI

Chukulia matatu imetoka Busia hadi Malaba, umbali wa kilomita 30, kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Wakati wa kurudi kulikuwa na mvua na msongamano, ikarudi kwa kilomita 20 kwa saa. Kasi ya wastani ya safari yote, kwenda na kurudi, ni ngapi?

Wengi hukimbilia kujumlisha 60 na 20, wakagawanya kwa mbili, wakapata 40. Jibu hilo si sahihi. Tufuate kanuni.

Kwenda: kilomita 30 kwa kilomita 60 kwa saa ni nusu saa.
Kurudi: kilomita 30 kwa kilomita 20 kwa saa ni saa moja na nusu.
Umbali wote: kilomita 60.
Muda wote: saa 2.
Kasi ya wastani: 60 ÷ 2 = kilomita 30 kwa saa.

Kwa nini si 40? Kwa sababu gari lilikaa katika mwendo wa polepole muda mrefu kuliko lilivyokaa katika mwendo wa haraka. Lilitumia nusu saa tu kwa 60, na saa moja na nusu kwa 20. Mwendo wa polepole ulichukua sehemu kubwa ya muda, ndiyo maana uliuvuta wastani chini.

Kujumlisha kasi mbili na kugawanya kwa mbili hutoa jibu sahihi pale tu ambapo muda uliotumika kwa kila kasi ni sawa. Gari likienda saa moja kwa 60, kisha saa moja kwa 20, litakuwa limekwenda kilomita 80 kwa saa 2, na wastani utakuwa 40. Katika swali la mtihani, mwanafunzi ajiulize kwanza: kilicho sawa hapa ni umbali au ni muda? Asiyekuwa na uhakika arudi kwenye kanuni: umbali wote kwa muda wote. Hiyo haikosei.

VELOSITI: SOMO LA BAISKELI ZA MPAKANI

Neno "boda boda", ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima, linahusishwa na mpaka huu wa Busia. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na sehemu ambayo msafiri alilazimika kuitembea kwa miguu na mizigo yake. Wenye baiskeli wakaanza kubeba watu kutoka boda hadi boda, na jina likabaki hata baada ya baiskeli kupisha pikipiki.

Mwenye baiskeli huyo anaeleza vizuri tofauti ya kasi na velositi. Chukulia njia yake ilikuwa ya kilomita moja. Kwa siku moja alikwenda na kurudi mara 10, akatumia saa 5, na jioni akaegesha baiskeli pale pale alipoanzia asubuhi.

Umbali aliosafiri ni kilomita 20. Kasi yake ya wastani ni 20 ÷ 5 = kilomita 4 kwa saa.

Lakini amehama kiasi gani kutoka alipoanza? Hajahama hata hatua moja. Katika Fizikia, umbali wa mstari ulionyooka kutoka mahali pa kuanzia hadi mahali pa kuishia, pamoja na mwelekeo wake, huitwa mhamo. Mhamo wa huyu mwenye baiskeli ni sifuri. Na kanuni ya velositi ni hii:

Velositi ya wastani = mhamo ÷ muda wote uliotumika

Kwa hiyo velositi yake ya wastani kwa siku nzima ni sifuri.

Hapa ndipo wanafunzi hucheka. Mtu ametoa jasho kutwa, amelisha familia yake, halafu anaambiwa velositi yake ni sifuri? Ndiyo, na hakuna tusi ndani yake. Velositi haipimi kazi aliyoifanya wala njia aliyoipita. Inapima jambo moja tu: mahali pake pamebadilika kiasi gani, kuelekea wapi, kwa muda gani. Abiria hulipia umbali. Rubani wa ndege na nahodha wa meli huhitaji kujua mwelekeo pia, kwa sababu kwenda kasi upande usio wako ni kupotea haraka.

Kasi ina ukubwa peke yake. Velositi ina ukubwa na mwelekeo, na kwa sababu hiyo huitwa vekta. Jibu la velositi lisilotaja mwelekeo halijakamilika.

Sasa tazama safari ya upande mmoja. Malaba iko kaskazini mashariki ya mji wa Busia. Chukulia barabara ni kilomita 30, na mstari ulionyooka kwenye ramani ni kilomita 27. Matatu ikitumia dakika 45, yaani saa 0.75:

Kasi ya wastani: 30 ÷ 0.75 = kilomita 40 kwa saa.
Velositi ya wastani: 27 ÷ 0.75 = kilomita 36 kwa saa kuelekea kaskazini mashariki.

Tofauti ya 40 na 36 ni kona za barabara. Hapa mwanafunzi anapata njia ya kujikagua: mstari ulionyooka ndio njia fupi kuliko zote, kwa hiyo mhamo hauwezi kuuzidi umbali. Ukipata velositi ya wastani iliyo kubwa kuliko kasi ya wastani ya safari ile ile, rudia hesabu, kuna mahali umeteleza.

NJIA YENYE KONA NA NJIA YA KURUDI NYUMA

Maswali ya mtihani hupenda njia za aina mbili. Ya kwanza ni njia yenye kona ya mraba. Chukulia mwanafunzi wa Moding anapanda baiskeli, anakwenda kilomita 3 mashariki kupeleka mahindi kwenye kinu cha posho, kisha kilomita 4 kaskazini hadi shuleni. Mwendo wote unachukua dakika 30.

Umbali wote ni 3 + 4 = kilomita 7. Kasi ya wastani ni 7 ÷ 0.5 = kilomita 14 kwa saa.

Mhamo ni mstari wa moja kwa moja kutoka nyumbani hadi shuleni. Kwa kanuni ya Pythagoras: 3 kwa 3 ni 9, 4 kwa 4 ni 16, jumla 25, na kipeo chake cha pili ni 5. Mhamo ni kilomita 5. Velositi ya wastani ni 5 ÷ 0.5 = kilomita 10 kwa saa, kuelekea upande ulio nyuzi 37 mashariki ya kaskazini. Nyuzi hizo hupatikana kwa tanjiti: 3 ÷ 4 = 0.75, na pembe yake ni takriban nyuzi 37.

Njia ya pili ni ile ya kurudi nyuma kwenye mstari mmoja. Mwanafunzi anatoka nyumbani na kutembea mita 300 kuelekea sokoni kwa dakika 4. Anakumbuka amesahau daftari, anageuka na kurudi mita 120 kwa dakika 1, ndipo anakutana na mdogo wake aliyemletea.

Umbali wote: 300 + 120 = mita 420.
Muda wote: dakika 5, yaani sekunde 300.
Kasi ya wastani: 420 ÷ 300 = mita 1.4 kwa sekunde.

Kwa mhamo, chagua upande mmoja uwe chanya, tuseme wa kuelekea sokoni. Kurudi kunakuwa hasi. Mhamo ni 300 − 120 = mita 180. Velositi ya wastani ni 180 ÷ 300 = mita 0.6 kwa sekunde kuelekea sokoni.

Mwendo ni ule ule na muda ni ule ule, lakini majibu ni mawili tofauti. Yote mawili ni sahihi, kila moja kwa swali lake.

RUDISHA NA MIZUNGUKO MIWILI

Mfano unaojulikana na kila Mkenya uko katika Michezo ya Olimpiki ya London. Tarehe 9 Agosti 2012, David Rudisha alishinda fainali ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, na kuweka rekodi ya dunia. Mzunguko wa kwanza wa mita 400 aliumaliza kwa sekunde 49.28, na wa pili kwa sekunde 51.63.

Kasi ya wastani ya mzunguko wa kwanza: 400 ÷ 49.28 = mita 8.12 kwa sekunde.
Mzunguko wa pili: 400 ÷ 51.63 = mita 7.75 kwa sekunde.
Mbio nzima: 800 ÷ 100.91 = mita 7.93 kwa sekunde, sawa na takriban kilomita 28.5 kwa saa.

Hesabu hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, hata bingwa aliyeweka rekodi ya dunia alipungua kasi mzunguko wa pili, na wastani wa mbio nzima unaficha habari hiyo. Ukigawanya safari vipande vipande, ndipo unaona kilichotokea ndani yake. Pili, mizunguko miwili kamili humrudisha mkimbiaji karibu kabisa na pale alipoanzia. Kwa hiyo velositi ya wastani ya mmoja wa wanaume waliopata kukimbia mita 800 kwa haraka zaidi duniani ni karibu sifuri, kama ya mwenye baiskeli wa mpakani.

Mtu anaweza kuona kuwa kujumlisha 8.12 na 7.75 na kugawanya kwa mbili kunatoa jibu karibu lile lile. Ni kwa sababu muda wa mizunguko hiyo miwili unakaribiana. Muda ukiachana sana, kama ule wa matatu ya Busia, njia hiyo ya mkato hupotosha.

KIPIMO CHA MAABARA

Shuleni, mwendo hupimwa kwa kifaa kinachopiga vitone kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na kigari. Kifaa kinachotumia umeme wa mawimbi 50 kwa sekunde hupiga vitone 50 kila sekunde, kwa hiyo kutoka kitone hadi kitone ni sekunde 0.02.

Tahadhari iko kwenye kuhesabu. Muda uko katika nafasi zilizo kati ya vitone, si katika vitone vyenyewe. Vitone 11 vina nafasi 10. Ikiwa nafasi hizo 10 zina urefu wa sentimita 8, muda ni 10 × 0.02 = sekunde 0.2, na velositi ya wastani ni 8 ÷ 0.2 = sentimita 40 kwa sekunde, sawa na mita 0.4 kwa sekunde kuelekea upande wa kigari. Vitone vilivyosongamana vinaonyesha mwendo wa polepole, na vilivyoachana vinaonyesha mwendo wa haraka.

LORI LINALOSHINDWA NA BAISKELI

Kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba ni takriban kilomita 930. Chukulia lori limetumia siku tatu kamili, saa 72, tangu litoke bandarini hadi livuke mpaka. Kasi yake ya wastani ni 930 ÷ 72, karibu kilomita 13 kwa saa. Mwanafunzi wetu wa Moding kwenye baiskeli alikwenda kwa 14.

Lori hilo halikuenda kwa 13 mahali popote, labda getini tu. Lilikuwa likienda 60 lilipokuwa likitembea. Saa nyingine zote lilikuwa limesimama: mizani, usingizi wa dereva, hati, foleni.

Sasa tuulize: lipi litaongeza wastani zaidi, kuongeza mwendo au kupunguza kusimama? Dereva akitoka 60 hadi 80 njia nzima, muda wa kuendesha utashuka kutoka saa 15.5 hadi karibu saa 11.6. Ataokoa kama saa 4, na wastani utakuwa takriban kilomita 13.7 kwa saa. Lakini kusimama kukipungua kwa saa 12 bila kugusa mwendo, safari itachukua saa 60 na wastani utapanda hadi 15.5.

Hii ndiyo hoja ya vituo vya pamoja vya mpakani vya Busia na Malaba, ambako maafisa wa Kenya na Uganda hufanya kazi chini ya paa moja ili msafiri asimame mara moja badala ya mara mbili. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta pamoja na Rais Yoweri Museveni. Kituo cha aina hiyo hakiongezi kasi ya lori hata kidogo. Kinapunguza namba ya chini katika kanuni, ile ya muda wote.

"NITAFIDIA MBELE"

Hapa ndipo somo linapotoka darasani. Chukulia mama mfanyabiashara wa nyanya anataka kufika Malaba kwa dakika 30. Njia ni kilomita 20, kwa hiyo anahitaji wastani wa kilomita 40 kwa saa. Nusu ya njia, kilomita 10, barabara ni mbaya na pikipiki inakwenda 30. Mama anaanza kutazama saa.

"Usijali, mama," anasema mwendeshaji. "Nitafidia mbele."

Atahitaji kwenda kasi gani? Wengi watasema 50, kwa kuwa 30 na 50 wastani wake ni 40. Lakini kilomita 10 kwa 30 zimekula dakika 20. Zimebaki dakika 10 kwa kilomita 10, na hiyo ni kilomita 60 kwa saa. Akienda 50, atafika kwa dakika 32.

Sasa chukulia nusu ya kwanza alikwenda 20 badala ya 30. Kilomita 10 kwa 20 ni dakika 30. Muda wote umeisha na nusu ya njia bado iko mbele. Hakuna kasi duniani itakayomfikisha kwa wakati. Hata akipaa kwa 120, atatumia dakika 5 zaidi. Kufidia hakuwezekani, na kanuni imekwisha kusema hivyo kabla hajakaza mkono kwenye akselereta.

Ni vizuri pia kujua anachokipata anayekimbia. Kilomita 10 kwa 50 ni dakika 12. Kilomita 10 kwa 80 ni dakika 7 na nusu. Faida ni dakika 4 na nusu. Na gharama yake? Kwa 50, pikipiki hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80 hupita mita 22. Mtoto akikatiza barabara na mwendeshaji akachelewa sekunde moja kabla ya kugusa breki, tofauti ni mita 8. Baada ya hapo, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kwa 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa 50.

Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Magari ya abiria na malori mazito yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa nje ya hapo. Vikomo hivyo ni vya kasi ya wakati mmoja, si ya wastani. Dereva hawezi kujitetea kwamba wastani wake ulikuwa 40 ilhali alipita sokoni kwa 90. Aliyegongwa hagongwi na wastani.

Mama huyo angeondoka nyumbani dakika 5 mapema, angepata zaidi ya kile alichoahidiwa na mbio, bila hatari yoyote.

MAZOEZI

1. Mwenye baiskeli anatoka Amagoro hadi Malaba, kilomita 6, kwa dakika 24. Tafuta kasi yake ya wastani kwa kilomita kwa saa na kwa mita kwa sekunde.

2. Pikipiki inakwenda kilomita 15 kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, kisha kilomita 15 nyingine kwa 60. Tafuta kasi ya wastani.

3. Msichana anatembea mita 600 magharibi hadi kisimani, kisha mita 800 kusini hadi nyumbani. Mwendo wote unachukua sekunde 1,000. Tafuta kasi na velositi ya wastani.

4. Mwanariadha anamaliza mizunguko 5 ya mita 400 kwa dakika 6 na sekunde 40. Tafuta kasi na velositi ya wastani.

5. Lori linaendeshwa kilomita 120 kwa saa 2, kisha linasubiri kwenye foleni saa 4. Tafuta kasi ya wastani. Itakuwa ngapi kusubiri kukipungua hadi saa 2? Itakuwa ngapi kusubiri kukibaki saa 4 lakini lori likienda kwa kilomita 80 kwa saa?

MAJIBU

1. Saa 0.4. Kilomita 15 kwa saa, au mita 4.17 kwa sekunde.

2. Dakika 30 na dakika 15, jumla saa 0.75. Wastani ni kilomita 40 kwa saa, si 45.

3. Kasi ni mita 1.4 kwa sekunde. Mhamo ni mita 1,000, na velositi ni mita 1 kwa sekunde kuelekea upande ulio takriban nyuzi 37 magharibi ya kusini.

4. Mita 2,000 kwa sekunde 400: kasi ni mita 5 kwa sekunde. Velositi ni sifuri.

5. Kilomita 20 kwa saa. Kusubiri kukipungua hadi saa 2, wastani ni 30. Lori likienda 80 na kusubiri saa 4, wastani ni karibu 21.8 tu.

Mwanafunzi aliyepata swali la pili na la tano ameshika kiini cha somo. Anayetaka kwenda mbele zaidi achukue saa ya simu na daftari, apime safari yake ya shuleni kwa wiki moja, na aandike kando ya kila siku umbali, muda na mahali aliposimama. Ataona mwenyewe ni wapi muda wake unapotelea, na kwamba mara nyingi haupotelei kwenye kasi.